Ukuta Tulioubomoa kwa Bwana Mfaume

Siku ya kwanza kazini nilikwenda na viatu vya kanisani. Mama yangu ndiye aliyenilazimisha. Alisema mtu anayekwenda kuandikwa kazi ya serikali hawezi kwenda na makatambuga. Ilikuwa hapo hapo kijijini kwetu, Kinyangiri, palipokuwa panajengwa madarasa mawili ya shule. Fundi Mkuu alitoka wilayani. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kofia ya pama iliyoliwa na chokaa, na alinitazama miguu kabla ya kunitazama uso.

"Umekuja kuoa au kujenga?" aliuliza.

"Kujenga, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Vua hivyo viatu, ingia kwenye tope."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ya uashi, kwa kukanyaga udongo tangu asubuhi hadi jua la saa sita, nikiuchanganya na maji mpaka ukawa laini kama ugali wa mgonjwa. Vijana wa leo hamtaelewa, kwa sababu nyinyi mmekuta saruji kila duka. Wakati wetu mfuko wa saruji ulisubiriwa kama mvua. Kwa hiyo tulijenga kwa akili. Saruji tuliiweka kwenye msingi, na kwenye linta, yaani ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha kubeba uzito wa juu. Kilichobaki tuliziba nacho mistari ya nje, kati ya tofali na tofali, ili mvua isile ukuta. Lakini ndani, tofali zilikamatana kwa udongo tu. Ukiiona nyumba ya namna hiyo ukiwa barabarani utaapa ni saruji tupu. Sivyo.

Mwaka wa pili nilipewa mwiko na kuruhusiwa kupanga kozi, yaani safu moja ya tofali juu ya nyingine. Siku moja Fundi Mkuu alisimama mbele ya kona niliyokuwa nimeinua peke yangu, mikono nyuma.

"Huu ukuta vipi?"

"Umenyooka, mzee."

"Nimekuuliza wewe au nimeuliza timazi?"

Timazi ni kipande cha chuma kizito kilichofungwa kwenye uzi. Ukikining'iniza kando ya ukuta, uzi unakuonyesha kama ukuta umesimama wima au umelewa. Wangu ulikuwa umelewa. Fundi Mkuu aliziangusha kozi tatu kwa teke moja, udongo ukiwa bado mbichi, akaniambia bila hasira, "Fundi anayependa kazi yake kuliko ukweli, siku moja atamuua mtu." Nilimchukia mwezi mzima.

Baada ya miaka minne nikahamishiwa Sekenke, kule kwenye mteremko wenye migodi ya zamani ya dhahabu, tukajenge zahanati. Huko mkubwa wangu alikuwa Msimamizi wa Ujenzi, mtu mrefu wa maneno machache aliyetembea na rula ya kukunja kwenye mfuko wa shati hata Jumapili. Kwake nilijifunza kuezeka, na kuunda kenchi, zile fremu za mbao za pembetatu zinazobeba bati. Wiki ya kwanza upepo wa mteremko uling'oa bati zangu za upande mzima, tukaziokota korongoni kama watu wanaotafuta mbuzi. Nilingoja kufukuzwa. Msimamizi alikunjua rula yake, akaikunja, akasema, "Kesho utapanda tena. Safari hii ufunge kama mtu anayefunga mzigo wa baiskeli." Hakuongeza neno, na lile paa lilidumu kuliko yeye mwenyewe, Mungu amrehemu.

Kituo changu cha mwisho serikalini kilikuwa Singida mjini, chini ya Mhandisi aliyetoka chuo juzi. Yeye aliniita baba, mimi nikamwita mheshimiwa, na kazi ikaenda. Tulitengeneza nyumba za watumishi, ofisi, vyoo vya shule, mpaka ilipofika miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru.

Waliokuwepo wanaikumbuka. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalijaa kwa muda mfupi. Mitumba ikaja, marobota kwa marobota. Saruji ikapatikana, bati zikapatikana, mashine za kukamua alizeti zikaanza kunguruma kila mtaa. Na serikali nayo ikaanza kupunguza watu. Asubuhi moja tulipangwa kwenye uwanja wa karakana, karani akasoma majina, na langu likawemo.

Mhandisi aliniita pembeni. "Baba, sina la kufanya. Orodha imetoka juu."

"Najua, mheshimiwa."

"Chukua hata ile pimamaji. Nitaandika imepotea."

Nilikataa, kwa sababu nilikuwa mzee wa kanisa. Miezi miwili baadaye, nikijenga uzio wa mtu kwa kupimia maji ndani ya chupa ya soda, nilitamani ningekuwa na dhambi hiyo moja.

Lakini kazi ilikuwepo. Kila mfanyabiashara alitaka kujenga, na mafundi tuliopunguzwa tukawa tunaitwa huku na huku. Nikaunda kikundi changu: waashi wawili, seremala mmoja, na Mama Lazaro wa kuchota maji.

Huyu Mama Lazaro ndiye hasa ninayetaka mmfahamu. Alikuwa Mnyaturu wa Mwankoko, mwembamba, mwenye sauti kavu. Kabla ya kuja kwangu alikuwa akiponda kokoto na wanawake wenzake kwenye majabali ya nje ya mji. Mume wake alikuwa amekwenda kutafuta dhahabu akapata mke mwingine, akamwacha na watoto wanne, Lazaro akiwa mkubwa wao. Kila siku alitembea kutoka Mwankoko kabla jua halijapanda, akachota maji bombani na kuyaleta saiti, kwa maana ujenzi unakunywa maji kuliko ng'ombe. Alibeba ndoo kubwa kichwani bila kuishika, huku akinikosoa.

"Fundi, hiyo kona imetoka nje."

"Umepimia nini wewe?"

"Macho."

Nilining'iniza timazi. Kona ilikuwa imetoka nje.

Basi, mmoja wa walionipa kazi ni Bwana Mfaume. Babu yake alitoka pwani, bibi yake alikuwa Mnyaturu, na yeye alizaliwa hapo hapo Singida. Aliuza mitumba na mafuta ya taa. Alitaka nyumba yenye duka mbele, stoo nyuma ya duka, na vyumba vya kulala nyuma ya stoo. Kutoka stoo kulikuwa na ukumbi mwembamba, na mlango wa chumba cha watoto ulifungukia kwenye ukumbi huo. Tofali tulijengea kwa udongo kama nilivyofundishwa, kwa sababu saruji ya kwanza aliyoipata aliitaka yote kwenye linta na sakafu. Mke wake, Mama Shani, aliniomba kitu kimoja tu: kabati ndani ya ukuta wa chumba cha watoto, la kuwekea nguo. Nikamjengea, refu kutoka sakafuni hadi kifuani, na seremala akalitia milango miwili.

Yeye Bwana Mfaume hamu yake ilikuwa nondo. Miaka ile watu walipata vitu, na wezi nao wakapata kazi. Kila dirisha mjini likaanza kuvaa vyuma.

"Fundi, mwizi aking'oa nondo yangu, wewe ndiye utakayenijibu," aliniambia.

"Mwizi atazeekea hapo dirishani, Bwana Mfaume."

Nondo za dirisha zina masikio, vipande vya chuma vilivyochomelewa pembeni, ambavyo huzamishwa ukutani ili zisitoke. Wengine waliyashika kwa udongo na kupaka saruji juu. Mimi nilichimba shimo la kila sikio kwa patasi, urefu wa kiganja, nikalijaza zege tupu. Baada ya wiki nilimwita Bwana Mfaume aje avute. Alivuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Tukacheka sote wawili.

Ulikuwa umepita mwaka na kitu tangu ahamie. Ilikuwa kiangazi, na upepo wa Singida wa kiangazi mnaujua, unabeba hata kuku. Sisi tulikuwa tunajenga viwanja vitatu kutoka kwa Bwana Mfaume. Saa nane mchana tukasikia kelele, tukadhani ni mwizi. Kisha tukaona moshi, mweusi, mzito, unalala juu ya mabati badala ya kupanda.

Baadaye ndipo tulipojua ilivyokuwa. Bwana Mfaume alikuwa amekwenda mnadani. Mama Shani alikuwa ameinjika maharagwe kwenye jiko la mkaa pale ukumbini, watoto wakajilaza baada ya chakula, naye akavuka barabara kwenda kutoa pole kwenye msiba wa jirani. Ni jambo ambalo kila mama wa mtaa ule alishawahi kulifanya. Mlango wa stoo ulikuwa wazi. Upepo ukapiga jiko, cheche zikaingia kwenye robota lililofunguliwa, na nyuma ya marobota kulikuwa na pipa la mafuta ya taa.

Nilikamata mtaimbo, kile chuma kirefu cha kuchimbia mawe, nikakimbia. Mama Lazaro alikimbia nyuma yangu na ndoo yake ya maji kichwani, na sikuona tone likimwagika. Tulipofika, mbele ya nyumba palikuwa hapasogeleki. Upande wa dirisha la watoto watu kama kumi walikuwa wamefunga kamba kwenye nondo, wanavuta na kuimba kama wanaokwamua lori. Nondo haikutikisika. Nilisimama pale nikaitazama, na Mungu anisamehe, kwa kitambo cha kupepesa jicho nilijisikia fahari. Kisha nikasikia mtoto akikohoa ndani.

"Acheni dirisha!" nilipiga kelele. "Halitoki! Tubomoe chini yake!"

Mmoja akanigeukia kwa hasira. "Wewe ni nani wa kutuamrisha?"

"Mimi ndiye niliyelijenga!"

Wakanipisha. Chini ya dirisha hapana linta wala hapana masikio, ni tofali na udongo. Niliupiga mstari wa saruji wa nje kwa mtaimbo, ukapasuka kama ganda la yai. Tofali la kwanza lilitusumbua. La pili likatoka kwa mikono. Baada ya hapo kila mtu alishika lake, tukawa tunazing'oa kama meno, mpaka tukapata tundu la ukubwa wa mlango wa banda la mbuzi. Moshi ukatutokea usoni, wa moto.

Nilijaribu kuingia mimi. Mabega yangu yalikwama. Vijana wawili wa mtaani waliinama wakachungulia, wakarudi nyuma, nami siwalaumu, na msiwalaumu. Dari ya chumba kile ilikuwa ya magunia yaliyoshonwa na kupakwa chokaa, kama dari nyingi za wakati ule, nayo ilikuwa inaungua na kudondoka vipande vipande. Mtu mwenye akili timamu alipaswa kurudi nyuma.

Mama Lazaro aliishusha ndoo, akajimwagia maji yote. Akajifunga kitenge kilicholowa kichwani na mdomoni.

"Nifungeni kamba," alisema.

Nikaifungua kamba kwenye nondo, nikamfunga kiunoni. Aliingia kwa tumbo kama mtu anayeingia chini ya uzio, na nyayo zake zikapotea kwenye moshi.

Sijui ilichukua muda gani. Kamba ilikuwa inateleza mkononi mwangu taratibu, ikasimama, ikalegea. Kisha mikono yake ikatokea kwenye tundu ikiwa imeshika kitu kilichoviringishwa kwenye shuka. Alikuwa Mariamu, kitinda mimba, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea. Analia. Sijawahi kufurahia kilio kama kile. Mikono ikarudi ndani. Mara ya pili akamsukuma Idrisa, wa miaka mitano, akiwa amenyamaza na macho wazi, halafu yeye mwenyewe akatoka mpaka kiunoni, akakohoa, akatema mate meusi.

Wakati huo Mama Shani alikuwa amefika kutoka msibani, peku, kanga moja imebaki njiani. Wanawake walikuwa wamemshika mikono.

"Shani! Shani yuko wapi? Shani wangu yuko wapi?"

Shani alikuwa na miaka tisa, na ndiye aliyeachiwa wadogo zake.

"Sikumwona," Mama Lazaro alisema. "Nimepapasa kitandani, nimepapasa uvunguni. Hayupo."

Hapo ndipo kenchi ikalia. Mbao ikiungua kwa nje haisemi kitu, lakini moto ukifika kwenye maungio, kenchi hutoa mlio mmoja mfupi, kama mtu aliyevunja muwa gotini. Kila aliyewahi kuezeka anaujua. Maana yake ni kwamba paa linakuja chini, si baada ya saa, ni sasa hivi. Niliusikia. Na wakati huo huo nikakumbuka lile kabati, refu kutoka sakafuni hadi kifuani, na nikajua kwa uhakika kabisa mtoto wa miaka tisa angekimbilia wapi.

"Kabatini," nilimwambia Mama Lazaro. "Ukiingia, fuata ukuta wa kushoto mpaka kona. Kabati liko ukutani. Yuko humo."

Sikumwambia habari ya kenchi.

Alinitazama mara moja, akavuta pumzi, akarudi ndani.

Nilijilaza chini kwenye tundu, uso ukiungua, nikawa nampigia kelele kama mtu anayeelekeza lori kurudi nyuma. "Kushoto! Usiuachie ukuta! Umefika kona? Sasa shuka chini, milango ni miwili!" Sikupata jibu. Kamba ilisimama. Wanaume waliokuwa nyuma yangu wakaanza kusema tumvute, tumvute, nami nikawaambia bado, na sijui nilipata wapi ujasiri wa kusema bado juu ya roho ya mtu mwingine. Kisha kamba ikavutwa mara mbili kutoka ndani.

Tulivuta. Kwanza ikaja miguu ya Shani, kamba ikiwa imehamishiwa kwake, halafu mwili, hana fahamu, amefungwa na kile kitenge kilicholowa. Mama Lazaro alikuwa amejivua kitenge akamfunika mtoto. Yeye mwenyewe tulimtoa kwa kumshika kwapani, gauni lake likiwaka mgongoni, watu wakamrukia kwa mchanga na maji. Hatukuwa tumewafikisha barabarani paa lilipoanguka. Cheche zilipanda juu kuliko minara.

Mtu mmoja aliyekuwa anapakia alizeti kwenye pikapu alimwaga magunia yake chini bila kuombwa, tukawapakia wote, akapiga honi njia nzima hadi hospitalini.

Shani alizinduka jioni ile. Alikohoa miezi mingi, lakini alizinduka. Mama Lazaro ndiye aliyekaa hospitalini. Mgongo, shingo na mikono viliungua, na kwa wiki nyingi alilala kifudifudi. Mke wangu aliwachukua Lazaro na wadogo zake wakakaa kwetu. Siku ya tatu nilikwenda kumwona, nikiwa nimetayarisha maneno ya kusema. Aligeuza uso kidogo kwenye mto.

"Fundi, ndoo yangu iko wapi?"

Sikujua. Katika zile purukushani ilikuwa imekanyagwa, au imechukuliwa.

"Ilikuwa haivuji," alisema, akafumba macho, na ndiyo mara pekee niliyomwona akitoa machozi.

Maneno niliyotayarisha niliyapeleka kwa Bwana Mfaume, ambaye alikuwa amehamia kwa kaka yake. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, Mariamu amelala mapajani mwake. Alinikaribisha, akataka niletewe chai. Nikamwambia sikuja kunywa chai.

"Bwana Mfaume, zile nondo niliziweka mimi."

Alimpepea mtoto kwa kofia yake.

"Nani alikwambia uziweke?" aliuliza mwishowe.

"Wewe."

"Basi tuliziweka wote wawili." Alinisogezea kikombe. "Fundi, mimi nilifunga mzigo na watoto kwa kufuli moja. Kunywa chai."

Nikanywa.

Tangu siku ile sikuwahi kufunga nondo kwenye chumba cha kulala bila kuacha dirisha moja lenye bawaba, nondo inayofunguka kama mlango, na komeo lake ndani, chini, mahali anapofikia mtoto. Wenye nyumba wengi walinibishia. Walisema nawawekea wezi njia. Mmoja, mwalimu, alinifukuza saiti na kumwita fundi mwingine. Niliondoka. Nilikuwa nimeshajifunza namna ya kupoteza kazi.

Mama Lazaro alirudi baada ya mwaka mzima. Ngozi ya shingo na mabega ilikuwa imekakamaa, hawezi tena kujitwika kitu kichwani. Alisimama pembeni ya saiti akitazama mwenzake anavyomwaga maji ovyo.

"Fundi, sasa mimi nitafanya nini?"

"Shika mwiko."

"Mafundi watanicheka."

"Watacheka mpaka saa nne. Saa nne watasikia njaa."

Walicheka kweli. Mmoja wa waashi wangu, mtu mzima mwenye wajukuu, alisema mwanamke akishika mwiko ukuta unapinda. Nilimkumbusha ni nani aliyekuwa akiona kuta zake zikipinda kutoka chini ya ndoo. Nikamwanzisha Mama Lazaro kwenye ripu, ile kazi ya kurushia saruji ukutani na kuilainisha. Ripu haitaki nguvu nyingi, inataka macho na uvumilivu, naye vyote alikuwa navyo. Mikono yake ilikuwa na makovu yaliyong'aa, na alifanya kazi taratibu, lakini ukuta alioumaliza ungeweza kupitisha shavu juu yake. Baada ya miaka michache watu walikuwa hawaniulizi mimi. Walikuwa wanauliza, "Yule mama wa ripu atakuwepo?"

Watoto walikua. Idrisa ni fundi umeme. Mariamu ameolewa, sikumbuki vizuri kama ni Manyoni au Itigi. Shani alirithi biashara ya baba yake na anauza vitenge sokoni, na kila Idi humpelekea Mama Lazaro sinia la pilau hadi Mwankoko. Mama Lazaro analalamika kila mwaka kwamba pilau la Waislamu wa mjini lina viungo vingi, na analimaliza lote.

Mimi niliacha kazi magoti yalipokataa ngazi. Hapakuwa na sherehe, kwa sababu fundi wa kujitegemea hana wa kumuaga. Siku moja unamwambia mwenye nyumba kwamba kesho atakuja mwingine. Sasa nakaa nyumbani, nalima mtama kidogo, na vijana mafundi wakipita huniamkia na kuniuliza habari za kazi. Huwa nawaeleza habari za linta na kenchi, na wananisikiliza kwa adabu huku wakitazama simu zao. Sikasiriki. Hata mimi sikumsikiliza Fundi Mkuu. Ila nawaambia jambo moja ambalo vitabu vya ufundi havina: sisi hujenga nyumba kama vile hatari yote iko nje. Tunaimarisha, tunafunga, tunazamisha vyuma, tunapokea sifa, halafu tunaondoka. Watu ndio wanaobaki ndani.

Kuna jambo nililibeba miaka yote hiyo. Mwaka jana, baada ya mavuno, Mama Lazaro alikuja kututembelea, na mjukuu wake akamshusha mlangoni kwa pikipiki. Tulikaa barazani tunapukuchua mahindi. Yeye ni bibi sasa, na mimi ni babu, na mke wangu alikuwa jikoni. Nikaona kwamba nisiposema siku ile, mmoja wetu atazikwa kabla sijasema.

"Mama Lazaro," nikamwambia, "siku ile, kabla hujaingia mara ya pili, kenchi ililia. Niliisikia. Nilijua paa linakuja. Sikukwambia."

Aliendelea kupukuchua. Punje zilikuwa zinadondoka kwenye ungo.

"Fundi, wakati ule nilikuwa nimekaa kwako mwaka wa ngapi?"

"Wa tatu."

"Na miaka mitatu hiyo mlikuwa mnaezeka nikiwa nimeziba masikio?" Alichukua hindi jingine. "Niliisikia kabla yako."

"Ukaingia hivyo hivyo?"

Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama zamani nilipopinda kona.

"Si ulisema yuko kabatini? Ungesema hujui alipo, labda. Lakini ulisema kabatini. Mtu akishajua mtoto alipo, anabaki nje kufanya nini?"

Nilisogeza ungo katikati yetu, tukaendelea.